Vinanda Vyake Havikumtia Uziwi: Wasifu wa Marehemu Aliyeitwa Sikio

Kabla ya kuzaliwa kwake, shule yake na kazi yake, lisemwe kwanza alilotendewa. Marehemu hakuharibiwa masikio na muziki. Masikio yake yaliharibiwa kiwandani, katika ukumbi wa mashine za kusukuma hewa, kwa miaka tisa, huku vifuniko vya masikio vikiwa vimefungiwa ndani ya kabati. Kisha ikaandikwa karatasi inayosema kwamba alijiharibu mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kupiga vinanda na santuri kwa sauti kubwa. Chini ya karatasi hiyo lipo dole gumba la mke wake, ambaye hajui kusoma, na ambaye aliambiwa kuwa ile ni fomu ya likizo. Aliyemwambia hivyo ni mdogo wa marehemu, wa tumbo moja naye. Yupo hapa leo, kiti cha mbele.

Juzi ililetwa nyumbani ratiba ya mazishi iliyokwisha kuchapwa, na ndani yake wasifu mwingine, nusu ukurasa, wenye maneno laini. Ulisema marehemu "alipenda muziki kupita kiasi, hata ukamgharimu usikivu wake." Mjane alitaka asomewe sentensi hiyo mara mbili. Kisha akasema, "Rudisheni hizo karatasi zilikotoka. Mume wangu hazikwi na uongo kifuani." Kwa hiyo huu ndio wasifu wake. Maneno ni ya mjane. Aliyeyaandika na kuyasoma ni binti yake mkubwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Baba yake seremala, mama yake mfua nguo. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilala fofofo msumeno ukikata mchana kutwa, lakini msumeno ukianza kuwa butu tu, anaamka na kulia. "Huyu si mtoto, ni sikio," akasema mama, na jina likaganda. Alipofika miaka sita akazaliwa mdogo wake. Mama alikuwa na nguo za watu za kufua, kwa hiyo mtoto yule alikulia mgongoni kwa Sikio. Hilo nalo liandikwe, kwa sababu huko mbele litahitajika.

Alianza shule ya msingi Januari 1968. Shule ilikuwa na kinanda kimoja cha kukanyaga kwa miguu, kilichokaa kwenye ukumbi chini ya picha za walimu wakuu. Mwaka 1971, akiwa darasa la nne, mwalimu wa nyimbo alikuwa akikipiga, Sikio akanyoosha mkono. "Mwalimu, kinavuja. Kibonyezo cha tatu kutoka kushoto kinapumua." Mwalimu alimchapa fimbo mbili kwa kumsahihisha mkubwa. Wiki iliyofuata fundi aliletwa, akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta ngozi ya kiriba cha ndani imepasuka pale pale. Jumatatu mwalimu yule alisimama mbele ya watoto arobaini na mmoja, akasema, "Nilimpiga mwenzenu bila kosa. Kinanda kilikuwa kinavuja. Sikio, nisamehe." Kisha akampa ruhusa ya kukaa na kinanda hicho kila siku baada ya masomo. Marehemu alisimulia habari hii maisha yake yote, na hakuwahi kuzitaja fimbo bila kutaja kusimama kwa mwalimu. Aliacha shule mwaka 1976, kidato cha pili, baba yake alipoumia mkono.

Baada ya kubangaiza hapa na pale, aliajiriwa Jumatatu, tarehe 2 Mei 1983, katika kiwanda cha chupa. Kazi yake ilikuwa kukagua. Chupa zilipita mbele yake kwenye mkanda, naye alizigonga moja moja kwa kijiti cha shaba. Chupa nzima huimba. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, husema "tak" na kunyamaza. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wenzake walimtania, "Sikio, hiyo chupa inaimba sauti ya ngapi?" Naye alijibu bila kugeuka, "Ya pili, lakini ina mafua." Ni yeye aliyemwombea mdogo wake kazi pale mwaka 1988. Alimpeleka kwa mkuu wa kiwanda akiwa amemnunulia shati jipya.

Vinanda vyake vilikuwa vitatu, na kwa kuwa vimesingiziwa, vielezwe. Cha kwanza ni kile kile cha shule cha kukanyaga. Shule iliponunua cha umeme, hiki kilitupwa stoo, naye akakibeba kwa mkokoteni. Sauti yake haifiki barabarani hata ukikanyaga kwa hasira. Cha pili ni cha umeme, kidogo, alichokipata kwa bendi ya harusi iliyovunjika. Spika zake mbili ni za ukubwa wa kisahani cha chai, na moja ilikufa zamani. Cha tatu ndicho kikubwa, chenye vibonyezo vizito, na hicho hakikuwa na spika kabisa. Alikipiga akiwa amevaa spika za masikioni, na mtu aliyekaa kando alisikia vidole tu, tup, tup, tup, kama mtu anayekanda unga. Hivyo ndivyo vinanda vinavyosemekana vilitikisa mtaa.

Santuri zake ni mia moja na arobaini na sita. Mke wake alizijua zote kwa picha za majalada, na majina ya nyumbani yalitoka kwake. Tatu zilikuwa kipenzi. Ya Mwavuli, ya mwanamke anayeimba na kinanda peke yake, ilikuwa ya siku za mvua. Ya Ngazi, ya bendi ya wafanyakazi wa reli waliostaafu, ilikuwa ya siku za mshahara, maana kinanda chake kinapanda na kupanda halafu kinaanguka puu. Na ya Kikohozi ilikuwa ya Jumapili. Hiyo ilirekodiwa kwenye tamasha, watu wakiwa ukumbini. Upande wa pili bendi inanyamaza, ukumbi unanyamaza, na kabla kinanda hakijaingia, mtu mmoja anakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayejizuia. Marehemu alikipenda kuliko solo lenyewe. Kikifika, aliinua kidole cha shahada, akatabasamu. "Huyu ndugu labda alikwisha kufa," alikuwa akisema, "lakini kikohozi chake bado kinampisha mpiga kinanda." Alisikiliza upande mmoja kwa siku, si zaidi, na kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu akikoroga chai aliambiwa akoroge polepole.

Jirani wa ukutani, fundi viatu, ambaye naye yupo hapa, alipoulizwa juzi kuhusu kelele za marehemu alicheka mpaka akakaa chini. "Kelele? Mama, mimi nimekaa ukuta mmoja na huyu bwana miaka kumi na tisa. Nilidhani hana hata redio!"

Kwenye matamasha pia alikuwa na mwenendo wake. Alifika mapema ili asikie vyombo vikipatanishwa sauti. Hakukaa mbele hata siku moja, hata akipewa kiti cha bure. Alisimama nyuma, mgongo kwenye ukuta wa mbao, pamba iko mfuko wa shati. Spika zikipandishwa kupita kiasi, alitia pamba. Zikizidi hapo, aliondoka, hata kama ameingia dakika kumi zilizopita. "Macho yana kope," alisema, "sikio halina mlango. Ukilipiga limepigika." Wimbo ukiisha hakupiga makofi mpaka mlio wa mwisho ufe kabisa, watu wakamwona ana maringo. Na akitoka hakuongea njia nzima. Alitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, mpaka mlangoni kwake, ndipo akasema, "Haya, sasa tuongee." Mtu anayetunza masikio namna hiyo ndiye aliyeandikiwa kwamba alijitia uziwi.

Alimpata mke wake kwenye ukumbi wa tamasha. Mke ni fundi wa mito na magodoro ya pamba, na siku hiyo, akiwa msichana wa miaka ishirini, alikuwa amepeleka mito mia moja ya viti. Sikio, aliyefika mapema kama kawaida yake, akamsogelea.

"Dada, mito hii itameza sauti."

"Na watu wakalie nini, kaka? Sauti?"

Sikio alicheka, akamsaidia kubeba iliyobaki. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa watoto watatu. Mdogo wake ndiye aliyemsimamia bwana harusi. Alikula nyumba ile, akalala nyumba ile, na mke aliyemwita shemeji alimshonea mto wake wa kwanza wa maisha ya utu uzima.

Mwaka 2005 kiwanda kilileta mashine ya kukagua chupa kwa kamera. Wakati huo mdogo wake alikwisha kupanda na kuwa msimamizi wa zamu, na ni yeye aliyempangia kaka yake kazi mpya kwenye ukumbi wa mashine za hewa. "Miezi mitatu tu, kaka, nikutafutie mahali." Ilikuwa Aprili. Miezi mitatu ikawa miaka tisa. Ndani ya ukumbi ule mtu humwita mwenzake kwa kumtupia kitambaa, maana mdomo haufui dafu. Wafanyakazi walikuwa saba. Vifuniko vya masikio vilikuwa viwili, vipya, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi. Vilitolewa siku wakaguzi walipokuja, vikavaliwa na wawili waliosimama mlangoni, na kabla ya chakula cha mchana vikawa vimerudi kabatini. Sikio aliviomba. Aliambiwa, "Vitachakaa, kaka. Vinahesabiwa." Kwa hiyo mke wake alimfungia pamba ya mito kila asubuhi, pamoja na chakula chake. Pamba ya mto haizuii mashine.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 2011, saa tisa alasiri, mke akipasi nguo. Santuri ya Kikohozi ilikuwa ikizunguka. Bendi ikanyamaza, ukumbi ukanyamaza, yule ndugu akakohoa. Kidole cha Sikio hakikuinuka. Kinanda kiliingia, yeye akiwa bado anasubiri. Mke aliweka pasi chini. Hakumwambia kitu siku ile, na alijuta, kwa sababu yeye alikwisha kujua miezi mingi na alikuwa akimficha.

Mapema mwaka 2014 daktari wa masikio alimfungia kwenye chumba kidogo, akampima, akatoka na karatasi yenye mstari unaoteremka kama ngazi iliyovunjika. Swali lake lilikuwa moja: "Mzee, unafanya kazi wapi?" Barua ya daktari ikaenda kiwandani, na kiwanda kikataka maelezo kwa msimamizi.

Jumatatu, tarehe 17 Februari 2014, saa nne asubuhi, mdogo mtu alibisha hodi.

"Karibu shemeji. Mwenyewe hayupo, yuko kliniki."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nimekuja mimi, nisimsumbue mgonjwa. Hii ni fomu ya likizo yake, inataka shahidi wa nyumbani. Weka dole hapa."

"Inasemaje?"

"Si nimekwambia? Mumeo anaumwa, apumzike."

Alikunywa chai vikombe viwili. Kibweta cha wino alikuja nacho mwenyewe. Alimshika shemeji yake mkono, akamwongoza dole, kisha akamfuta wino kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto aliyekula embe. Mjane anasema hiyo leso ndiyo inayomuuma kuliko karatasi.

Karatasi ilisomwa mbele ya Sikio ofisini: mke wa mfanyakazi anathibitisha kwamba mume wake amekuwa akipiga muziki kwa kelele usiku na mchana kwa miaka mingi. Tarehe 31 Machi 2014 alipigwa kalamu, kwa kosa la kuficha kilema alichojitia mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha, msimamizi wa zamu alikuwa msimamizi wa ukumbi mzima. Ndugu wa mume nao walikuwa na lao. "Umemuuza mumeo kwa wino," walimwambia mke, na wengine wakaacha kula chakula cha mkono wake. Sikio mwenyewe alirudi nyumbani, akakaa, akalishika lile dole gumba, akasema, "Kidole hakijui kusoma. Aliyekishika ndiye anayejua." Hakulirudia neno hilo tena, na hakumlaumu mkewe hata siku walipogombana kwa mambo mengine.

Mke alimkabili shemeji yake mara tatu. Mara ya kwanza, ofisini, aliambiwa yuko kwenye mkutano, na viatu vyake vinaonekana chini ya mlango. Mara ya pili, nyumbani kwake, shemeji alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," mke akajibu, "lakini aliyemwaga anajulikana."

Marehemu yeye hakumfuata. Watoto walipokasirika aliwaambia, "Yule nilimbeba mgongoni. Atasema mwenyewe. Nampa muda." Alimpa miaka kumi.

Katika miaka hiyo hakuacha muziki. Alikanyaga kinanda cha shule huku kiganja kimoja kimelala juu ya mbao, akisikiliza kwa mkono. Alikwenda kwenye matamasha, mgongo kwenye ukuta ule ule, viganja nyuma, na mkewe kando yake akimgonga kwenye mshipa wa mkono: hapa ngoma, hapa kinanda kinapanda, hapa kimetua. Nyumbani mkewe alimgongea santuri nzima nzima. Kikohozi kikifika alimfinya, na kidole kikainuka.

Tarehe 8 Julai 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alilazwa wiki tano. Mdogo wake alikuja wodini, na hiyo ndiyo mara ya tatu. Mke alimpa daftari na kalamu. "Mwandikie, shemeji. Yeye anasoma. Maneno mawili tu." Mdogo mtu alimshika kaka yake mkono, akalia mpaka wauguzi wakamletea kiti. Daftari alilirudisha tupu. Machozi hayasomeki.

Kiharusi cha pili kilikuja tarehe 6 Novemba, akarudishwa wodini. Ijumaa, mchana, mke alimgongea upande wa pili wa santuri ya Kikohozi kwenye mkono wa kushoto. Alipomfinya, kidole kiliinuka kidogo, lakini kiliinuka. Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mke alianza kumgongea tena tangu mwanzo. Bendi ikanyamaza. Akafinya. Akasubiri kidogo, akafinya tena, kisha akamwita muuguzi. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume na wajukuu wanne, ambao mkubwa wao anajua kukikanyaga kinanda cha shule. Ameacha dada yake mkubwa, vinanda vitatu, na santuri zote kwa mpangilio wake. Na ameacha mdogo wake wa kiume, anayedaiwa.

Hadaiwi fedha. Mjane ameshona mito akalea, na ataendelea kushona. Anadaiwa maneno, nayo ni machache. Kwamba kabati lilikuwa na vifuniko, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kwamba kaka yake hakupiga muziki kwa kelele hata siku moja, naye anajua, maana alilala nyumba ile. Kwamba shemeji yake hakujua alichowekea dole. Ayaseme kwa kusimama, mbele ya watu, kama mwalimu alivyosimama mbele ya watoto arobaini na mmoja kwa ajili ya fimbo mbili tu.

Ndiyo maana kwenye ratiba hii mpya, baada ya wasifu, ipo nafasi iliyoandikwa "Neno la mdogo wa marehemu," na chini yake hapakuchapwa kitu. Santuri ya Kikohozi iko juu ya mashine, sindano imeinuliwa. Kaburini hatutakwenda kabla haijapigwa, na haitapigwa kabla hajasema. Tutasubiri. Aliyelala hapa alisubiri miaka kumi bila kuangalia saa.

Sikio alale kwa amani. Deni lake liko macho, limekaa kiti cha mbele.